Ukurasa wa Jamaa: Kuchora Vitu Vilivyotulia



Juma hili twataka kunena juu ya kazi isiyodai fedha nyingi, wala chumba kikubwa, wala umeme. Ni kuchora vitu vya nyumbani vikiwa vimetulia mbele ya macho: yai, kikombe, sufuria, bidoni ya maji.

Hapa Majengo, katika mji wetu wa Goma, watoto wenye mkono mwepesi si haba. Huchora kwa makala juu ya mbao za nyumba, kwa kijiti katika vumbi jeusi la volkano, na kwa kalamu pembeni mwa daftari la hesabu. Lakini mwalimu akiwaambia, "Choreni," karibu wote hutoa picha moja: mlima wa pembe tatu wenye moshi, nyumba yenye paa jekundu na mlango katikati, na kando yake mnazi, mti ambao wengi wao hawajauona hata mara moja. Ukimwuliza mtoto kwa nini paa ni jekundu, na kwao ni mabati yenye kutu, atakujibu, "Ndivyo nyumba inavyochorwa."

Jibu hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Picha ile haikutoka machoni; ilitoka katika picha nyingine, nayo hiyo ilitoka katika nyingine tena. Mtoto amejifunza alama ya nyumba, lakini nyumba hajaitazama. Basi somo letu lote, toka mwanzo hadi mwisho, ni neno moja: chora unachokiona, usichore unachodhani wakijua.

Kazi ya zamani

Wafaransa huziita picha za namna hii "nature morte", yaani maumbile yaliyokufa. Waholanzi waliziita "stilleven", yaani uhai uliotulia. Jina la Waholanzi latupendeza zaidi, maana sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi haikufa, imepumzika tu.

Wala kazi hii si ya jana. Mwaka 79 mlima wa moto Vesuvius, katika nchi ya Italia, uliifunika miji ya Pompeii na Herculaneum. Wachimbaji walipoifukua, karne nyingi baadaye, walikuta kutani picha za matunda, mikate, mayai na ndege. Picha moja ya Herculaneum yaonyesha mapichi na chupa ya kioo yenye maji, na maji yale yang'aa mpaka leo. Sisi tuishio chini ya Nyiragongo, katika mji ambao moto ulipita katikati yake tarehe 17 Januari 2002, twalifahamu upesi jambo hili. Nyumba ziliangamia pamoja na wenyewe, na tunda la mezani bado laonekana.

Mfano wa pili ni wa Caravaggio, ambaye karibu mwaka 1599 alichora kikapu cha matunda. Picha hiyo ilikuwa mali ya Kardinali Federico Borromeo, naye mwaka 1618 aliitoa kwa nyumba ya Ambrosiana mjini Milano, ndiko iliko hata sasa. Tufaha la mbele lina tundu la mdudu, na majani mengine yamenyauka. Mchoraji angaliweza kuyapamba, hakufanya hivyo. Alichora yaliyokuwako.

Vifaa na nuru

Kalamu ya risasi moja yatosha, na karatasi za daftari zisizo na mistari. Mwenye kutaka giza nzuri atumie makala, lakini makala ya mbabula mara nyingi ni magumu, hukwaruza karatasi. Afadhali ujitengenezee. Chukua vijiti vyembamba vilivyonyoka na kukauka, uvimenye magome, uvijaze katika kopo lenye kifuniko, utoboe tundu dogo juu yake, kisha uliweke juu ya moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, ondoa kopo, wala usilifungue mpaka lipoe kabisa. Ukiharakisha, hewa itaingia na vijiti vitageuka majivu. Kazi hii ifanywe nje, mzazi akiwapo, kwa maana hewa ya makala katika chumba kilichofungwa huua. Kwa kufutia, kipande cha mkate mwororo usio na mafuta chafaa sana, mradi mama wa nyumba ametoa ruhusa.

Sasa tuseme juu ya nuru. Vitabu vya Ulaya vyamwagiza mchoraji aketi penye dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa kwao jua la mchana hupita kusini, na nuru ya kaskazini haibadiliki upesi. Kwetu agizo hilo halifai. Goma iko kusini kidogo tu ya ikweta. Toka katikati ya mwezi wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri huelekea kaskazini, na miezi mingine huelekea kusini. Basi fuata kanuni hii: asubuhi tumia mlango utazamao magharibi, na alasiri mlango utazamao mashariki, ili nuru iingie lakini jua lenyewe lisiingie.

Wengi huilaumu nyumba ya mbao yenye mlango mmoja na kidirisha kidogo kwamba ina giza. Kwa mchoraji ni chumba chema. Nuru ikitoka upande mmoja tu, kivuli nacho huwa kimoja, na umbo la kitu huonekana wazi. Wachoraji wakubwa wa zamani walifunga madirisha yao kwa makusudi wapate nuru kama hiyo.

Somo la kwanza: yai

Weka yai juu ya karatasi nyeupe, karibu na mlango. Ketia mahali pamoja, wala usiinuke. Kabla ya kugusa karatasi, tazama muda wa kusali Baba Yetu mara tatu.

Kwanza tazama umbo. Yai si duara. Ncha moja ni nyembamba kuliko nyingine, na likilala huinama kidogo upande mmoja. Chora kwa mstari mwepesi sana, tena uurudie mara nyingi, kama mtu apapasaye gizani. Usifute upesi. Mstari uliokosea wakuonyesha wa kweli uko wapi.

Kisha fumba macho nusu. Mambo madogo yatapotea, na utabaki ukiona mwanga na giza tu. Hapo utaona sehemu tano. Ya kwanza ni mahali panapopokea nuru wazi. Hapo acha karatasi kama ilivyo. Ya pili ni mwanga wa kadiri, pale yai lianzapo kugeuka. Ya tatu ni kivuli cha yai lenyewe. Ya nne ni ile ambayo anayeanza haioni: karibu na ukingo wa chini, upande wa kivuli, yai linang'aa tena kidogo, kwa kuwa karatasi iliyo chini yake yairudisha nuru juu. Ya tano ni kivuli ambacho yai lakitupa juu ya karatasi. Hicho ni cheusi kabisa pale yai linapogusa, nacho hulegea kadiri kinavyokwenda mbali.

Anayeanza hupaka weusi ukingoni pote, kwa kuwa ajua kwamba yai lina mpaka. Matokeo yake ni sahani, si yai. Lakini mwenye kuiheshimu ile nuru ndogo ya chini ataona ajabu: yai litainuka kutoka karatasini.

Lichore yai moja siku saba, robo saa kila siku. Siku ya nane lipikwe.

Somo la pili: kikombe na sufuria

Mdomo wa kikombe ni duara. Kila mtu ajua hivyo, na kwa sababu ajua, hukosea. Ukikitazama kikombe kilicho mezani huoni duara, waona duara iliyobanwa, pana kwa upande na fupi kwa kimo. Kiinue kikombe polepole mpaka mdomo wake uwe sawasawa na macho yako: duara yajifunga na kuwa mstari mmoja. Kishushe hadi sakafuni: yafunguka.

Kutokana na hayo twapata kanuni mbili. Ya kwanza, ncha za duara iliyobanwa hazina pembe kali kama za jani. Huzunguka siku zote. Ya pili, kitako cha sufuria iliyo chini ya macho yako kimepinda kuliko mdomo wake, kwa sababu kiko chini zaidi. Karibu kila anayeanza huchora kitako kwa mstari ulionyoka, akisema moyoni, "Sufuria imekaa sawasawa mezani." Ni kweli imekaa sawasawa. Lakini jicho halikuona hivyo, na mchoro ni ushuhuda wa jicho.

Hapa ndipo pa kujifunza kupima. Nyosha mkono mpaka kiwiko kisikunjike, shika kalamu wima, fumba jicho moja. Linganisha ncha ya kalamu na mdomo wa sufuria, na ukucha wa kidole gumba na kitako chake; hicho ndicho kimo. Sasa ilaze kalamu bila kuondoa kidole, uone kimo hicho chaingia mara ngapi katika upana. Ikiwa ni mara moja na nusu, iwe hivyo na katika karatasi. Mkono ukikunjika, kipimo chote chaharibika.

Somo la tatu: bidoni

Hakuna kitu kijulikanacho Majengo kuliko bidoni ya manjano. Watoto huibeba kila siku, wakipanga mstari mbele ya bomba. Hata hivyo mwambie mtoto aichore bila kuitazama, nawe utaona hajui mkono wake umeungwa wapi, wala shingo iko upande gani.

Bidoni ni sanduku lenye pembe zilizolainishwa. Anza na sanduku tupu. Tambua pande tatu unazoziona, na ni upande upi wenye nuru, upi wa kadiri, upi wa giza. Upake kila upande rangi yake moja kabla hujashughulika na mikunjo na maandishi.

Ukifika kwenye mkono wa kushikia, usiuchore. Chora tundu lake. Tazama umbo la hewa iliyo kati ya mkono na mwili wa bidoni, ulichore umbo hilo peke yake. Mkono utajitokeza wenyewe, tena mahali pake. Njia hii yasaidia kwa sababu akili yetu haina alama iliyokariri ya tundu. Jicho lalazimika kufanya kazi. Tumia njia hiyo hiyo katikati ya miguu ya kiti, na katikati ya vyuma vya chukudu, utakapofika huko.

Somo la nne: vitu vingi pamoja

Aliyechora yai, sufuria na bidoni kila kimoja peke yake, na avikusanye sasa. Asivipange mstari kama wanafunzi wakati wa kuimba. Kimoja kiwe mkubwa wa wenzake, kingine kijifiche nusu nyuma yake, cha tatu kikae mbali kidogo. Kata dirisha dogo katika kipande cha kartoni, utazame kwa tundu lake, upate kujua picha ianzie wapi na iishie wapi. Kwanza chora ukubwa wa kundi lote kama kitu kimoja, halafu ugawe. Mwenye kumaliza bidoni kwanza, hata maandishi yake, mara nyingi hukosa nafasi ya sufuria.

Tandika na kitenge chini yao. Hapa wengi hunaswa na maua ya kitenge. Usiyaguse! Chora mikunjo kwanza, kana kwamba kitambaa ni cheupe. Tazama kila mkunjo waanzia wapi na wafia wapi. Maua yaje mwisho, nayo yapinde na kukatika pamoja na mikunjo.

Wala usione aibu kurudia vitu vyako vichache. Giorgio Morandi wa Bologna, aliyefariki mwaka 1964, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akichora chupa na makopo yake machache, leo akikisogeza hiki, kesho kile. Hakuchoka, kwa kuwa nuru ya leo si ya jana.

Somo la tano: chuma, kioo na jiwe la volkano

Haya ni ya waliokwisha endelea. Sufuria mpya ing'aayo haina rangi yake yenyewe; yaazima za jirani zake. Ndani yake utauona mlango, mkono wako, hata bidoni iliyopindwa. Chora maumbo hayo kama yalivyo, wala usiulize ni nini. Weupe na weusi hukutana ghafula, bila daraja la kati; ndiyo sababu chuma huonekana kigumu. Kioo nacho hakichorwi: huchorwa kilicho nyuma yake, na vimulimuli viwili vitatu juu.

Jiwe la volkano ni gumu kupita yote, ingawa limejaa kila ua. Ni jeusi, lina vitundu elfu, na mwanafunzi hutaka kuvichora vyote. Asifanye hivyo. Atafute kwanza pande kubwa za jiwe, kama alivyofanya kwa bidoni. Vitundu avionyeshe pale tu giza na nuru zinapokutana. Jicho la mtazamaji litamaliza mengine. Rangi zije baada ya haya yote. Mwenye kushindwa na kivuli cha yai hatasaidiwa na rangi kumi na mbili.

Neno kwa wenye mashaka

Wako wasemao kwamba kuchora kitu kilicho mbele ya macho ni desturi ya Ulaya, na Mwafrika achore yaliyomo moyoni mwake. Neno hili si la kudharau. Mjini Lubumbashi, ulioitwa zamani Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés aliifungua karakana ya Hangar mwaka 1946, akakataa kuwatia wanafunzi wake katika kanuni za Ulaya. Bela alipaka rangi kwa vidole, Pilipili Mulongoy alichora samaki na ndege, na sifa zao zilifika mbali. Huko Makerere, Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha mwaka 1937, naye alipenda mwanafunzi achore kutoka fikirani. Lakini Cecil Todd, aliyepokea kazi hiyo mwaka 1958, alikaza zaidi masomo ya ufundi wenyewe.

Sisi twaona kwamba kazi za Hangar ni hazina. Lakini yeyote atazamaye samaki wa Pilipili atatambua kwamba macho yaliwajua samaki kabla mkono haujawachora. Mfinyanzi auzungushaye udongo akikagua tumbo la chungu, na fundi wa chukudu apimaye gogo kwa jicho kabla ya kulichonga, nao wafanya kazi hii, ingawa hawashiki karatasi. Kutazama sana si mali ya Ulaya. Na moyo utoao picha wahitaji kujazwa kwanza, nao hujazwa kwa macho.

Wazazi wengine huuliza, "Faida yake nini?" Seremala awezaye kumchorea mnunuzi kiti kabla ya kukata mbao hapotezi mbao. Fundi wa cherehani na mwashi vivyo hivyo. Mwenye kipaji anaweza kuendelea: shule ya Mtakatifu Luka, msimamizi wa wachoraji, ambayo Bruda Marc-Stanislas aliianzisha Gombe-Matadi mwaka 1943, ilihamia Kinshasa mwaka 1949, na toka mwaka 1957 ikaitwa Chuo cha Sanaa.

Lakini iko faida nyingine, nasi twaiona kuwa kubwa zaidi. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihame, na Majengo ulikuwa mmojawapo. Jamaa zilizoshika njia ya Sake hazikuhitaji kuambiwa wachukue nini: godoro, sufuria, bidoni. Mwezi wa Januari 2025 vita vilipoufikia mji, watu wengi walibeba tena vitu vile vile. Hivyo ndivyo vitu tunavyovishika kila siku na kutovitazama kamwe. Mtoto aliyekaa saa nzima mbele ya sufuria ya mama yake, akalipata lile bonde dogo ubavuni mwake na mahali masizi yalipong'ang'ania, anayo sufuria hiyo kwa namna ambayo moto wala mwizi hawezi kumwondolea.

Kazi ya juma hili

Wadogo: chora yai siku saba, uandike tarehe kwenye kila mchoro, wala usiutupe hata mmoja. Wakubwa: chora bidoni, ukianza na tundu la mkono. Waliokwisha endelea: sufuria na jiwe moja la volkano, kwa makala, nuru ikitoka upande mmoja. Siku ya saba panga michoro yote sakafuni, wa kwanza hadi wa mwisho, na umwite mzazi. Usimwulize upi ni mzuri. Mwulize, "Ni yai gani lililolala nyuma ya nuru, na mlango ulikuwa upande gani?" Akiweza kujibu, umechora.